Uliza Fundi: Kiputo kiko katikati, mbona maji yanabaki konani?

Shikamoo fundi. Naishi Buhongwa, mama wa watoto watatu. Juzi nimeweka marumaru bafuni. Fundi alikuwa anaweka pima maji yake kwenye kila kipande, kisha ananiita: "Mama, njoo uone, leveli kabisa." Na kweli nilikiona kiputo katikati ya mistari miwili. Nimemlipa, ameondoka. Sasa tukioga, maji yanatuama kwenye kona ya mlango, kwenye tundu hayaendi mpaka niyasukume na fagio. Jirani anasema nimeibiwa. Fundi naye kwenye simu anasema pima maji haidanganyi. Nani mkweli? Na hicho kidude kinapima nini hasa?
— Mama wa Buhongwa

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Huenda fundi wako hakukudanganya, na pima maji yake huenda haikudanganya, ila kazi aliyokufanyia si kazi ya bafu. Sebule ndiyo huwa leveli. Bafu linatakiwa liiname kuelekea kwenye tundu, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, ili maji yaende yenyewe. Kama kila kipande kilikuwa leveli kama alivyokuonyesha, basi amekutengenezea meza, na juu ya meza maji hukaa popote penye kibonde, hata kikiwa na kina cha unene wa sarafu. Kiputo ulichoonyeshwa kilitakiwa kiwe kimesogea upande wa ukutani, mbali na tundu, kwa sababu kiputo siku zote hukimbilia palipo juu.

Sasa nikueleze kidude chenyewe, maana swali lako la mwisho ndilo lililonifanya nikupe nafasi kubwa wiki hii. Nimeanza kama saidia fundi Mabatini mwaka 1991, na nimeshakutana na mafundi wazuri, wenye mkono safi wa kupiga plasta, ambao hawajawahi kukitazama kile kichupa kwa karibu.

Nimeiweka yangu hapa mezani ninapoandika. Ni ya aluminiamu, futi 2, yaani sentimita 60. Katikati kuna kichupa cha kilalo, mwishoni kimoja cha wima. Ndani mna kimiminika cha rangi ya kijani-njano na hewa kidogo. Ukiitazama haraka utadhani ile nafasi ya ndani imenyooka kama bomba. Haikunyooka. Ukiiinua usawa wa jicho, dirisha likiwa nyuma yake, utaona mgongo wake umebinuka kidogo sana, katikati pako juu na ncha zote mbili ziko chini. Kifaa chote kinategemea ule mbinuko. Kimiminika kina uzito, kinavutwa chini. Hewa inasukumwa mpaka sehemu ya juu kabisa. Ukikaa sawa, sehemu ya juu kabisa ni katikati, palipochorwa mistari. Ukiinama kidogo, sehemu ya juu inahama, na kiputo kinaifuata. Kichupa kingekuwa kimenyooka kweli, mwinamo mdogo tu ungekitupa kiputo mpaka mwisho, na usingejua umeinama kidogo au sana.

Kadiri mbinuko unavyokuwa mdogo, ndivyo kifaa kinavyokuwa chepesi kuhisi. Chukua mbinuko wa duara lenye nusu kipenyo cha mita 1: sakafu ikiinama milimita 5 kwa mita, kiputo kinahama milimita 5. Chukua duara la mita 10: mwinamo ule ule unakihamisha sentimita 5. Ndiyo maana mafundi mitambo wanaopanga mashine na shafti wana pima maji inayohisi milimita 0.02 kwa mita, na kiputo chake kinatulia taratibu mpaka mtu anakosa subira. Kwa nyumba haifai, ingekuchosha bure. Pima maji nzuri ya mwashi husoma kwa usahihi wa nusu milimita kwa mita, na kwa kawaida huandikwa hivyo ubavuni. Angalia kabla ya kulipa.

Ndani si maji, ingawa jina linasema maji. Ni spiriti. Maji yananata kwenye kuta za kichupa, kiputo kinasitasita. Spiriti ni nyepesi, kiputo kinateleza. Maji pia yanaganda kwenye nyuzi 0 na kupasua chombo, jambo lisilotuhusu sisi wa Mwanza lakini liliwahusu waliokianzisha. Aliyekianzisha ni Mfaransa, Melchisédech Thévenot, na mwaka 1661 alimwandikia habari zake mwanasayansi wa Uholanzi, Christiaan Huygens. Ubaya wa spiriti ni kwamba inavimba sana ikipata moto. Acha pima maji juani saa saba mchana juu ya ukuta wa Igoma, ukirudi utakuta kiputo kimekuwa kifupi. Usishtuke. Kimepungua pande zote mbili sawasawa, kwa hiyo tazama nafasi kati ya kiputo na mstari wa kushoto, kisha na mstari wa kulia. Zikilingana, uko leveli. Anayetazama upande mmoja tu ndiye anayekosea.

Basi kinapima nini? Kinapima kama kitu hiki, mahali hiki, upande huu, kimekaa mraba, yaani pembe ya nyuzi 90, na mvuto wa dunia. Basi. Hakijui urefu wala kimo. Hakijui kama katikati ya rula yako pana kibonde, kwa sababu kinagusa ncha na kuruka kibonde. Na kinapima upande mmoja tu: ukikilaza kuelekea mlangoni kinakupa habari za kuelekea mlangoni, lakini sakafu inaweza kuwa imeanguka kuelekea dirishani na kisiseme neno. Lazima ukigeuze ukilaze mkingamo. Muulize fundi wako kama alikilaza pande zote mbili, kwa sababu kona yako ya mlango inanitia shaka hapo hapo.

Sasa bafu lako. Kwanza chunguza mwenyewe. Mwaga maji ya ndoo ndogo, subiri dakika kumi, zungushia chaki palipotuama, piga picha. Hiyo picha ina nguvu kuliko maneno ya jirani. Kisha mwite fundi, bila ugomvi, mwambie marumaru za kuanzia kwenye kile kidimbwi mpaka kwenye tundu zing'olewe na sakafu ya saruji chini yake ipewe mwinamo upya. Na hivi ndivyo utakavyomkagua, hata kama hujawahi kushika mwiko: chukua kipande cha marumaru chenye unene wa milimita 9, kiweke chini ya ncha ya pima maji ya futi 2, ile ncha iliyo upande wa tundu. Ncha nyingine ikae sakafuni upande wa ukuta. Kiputo kikija katikati, una mwinamo wa sentimita 1 na nusu kwa mita, na maji yataondoka. Fanya hivyo kutoka kila ukuta kuelekea kwenye tundu.

Kuna jambo la pili, na hili limenigharimu. "Pima maji haidanganyi" ni neno ambalo siliruhusu kwenye kazi zangu. Zamani nilijenga nyumba Igoma, ukuta wa mbele mita 12. Pima maji yangu ilikuwa imeanguka kutoka jukwaani wiki moja kabla. Niliipangusa vumbi, kioo kizima, nikaendelea. Ilikuwa imeyumba milimita 1 tu katika urefu wake wa futi 2. Uzi wangu ulikuwa umeisha, nikaona si kitu, nikapanga kozi, yaani safu ya matofali, kwa kuisogeza pima maji hatua kwa hatua kutoka kushoto kwenda kulia. Hatua 20. Milimita 1 mara 20. Nilipofika kona ya kulia, kozi ilikuwa juu kwa sentimita 2, na kila hatua kiputo kilikuwa katikati kabisa. Nilibomoa kozi mbili, saruji na siku mbili za vibarua nikalipa mimi, maana mwenye nyumba hakukosa lolote.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kuchanganya udongo, naikagua. Inachukua nusu dakika na mtu yeyote anaweza. Weka pima maji juu ya kitu kisichotikisika, benchi au dirisha, si lazima kiwe leveli. Chora kwa penseli ncha zake zilipo. Soma kiputo: kimesogea, tuseme, kidogo upande wa mlango. Sasa igeuze, ncha ya kushoto ikae kulia, palepale kwenye alama zako. Soma tena. Kiputo kikikaa upande ule ule wa mlango, kwa kiasi kile kile, kifaa ni kizima. Benchi ndilo limeinama. Kiputo kikihamia upande wa pili, au kikikaa tofauti, kifaa kina kasoro, na kasoro hiyo ni nusu ya tofauti unayoiona. Kile kichupa cha wima kikague hivyo hivyo ukutani: isimamishe, isome, kisha izungushe ubavu wa pili uguse ukuta.

Na kama siku hiyo huna nyingine na kazi haingoji? Igeuze kila hatua. Hatua ya kwanza ncha yenye alama mbele, hatua ya pili nyuma, ya tatu mbele. Kasoro ya hatua moja inafutwa na ya pili. Ningejua hilo Igoma, kuta zangu zingesimama.

*

Mwangaluka fundi! Nina kiwanja mlimani, upande wa Igogo, mawe matupu. Nataka kuweka alama za msingi. Kutoka kona hadi kona ni mita 22, na katikati kuna jiwe kubwa kuliko gari. Pima maji yangu ni ya futi 4. Nifanyeje?
— Mjenzi mlimani

Mwangaluka, ndugu yangu. Weka hiyo futi 4 kando, nunua mpira mweupe unaoonyesha ndani, mita 30. Ule mpira ndio pima maji halisi, ndani una maji ya ziwa na hakuna kasoro ya kiwandani. Maji yaliyoungana hayakubali kuwa juu upande mmoja na chini upande mwingine, hata mpira ukipita nyuma ya jiwe, ukashuka bondeni, ukapanda tena. Katika jiji la miamba kama letu sijaona kifaa kinachouzidi kwa bei yake.

Ujaze kwa kufyonza kutoka kwenye ndoo iliyowekwa juu, usiujaze kwa kumimina, kwa sababu kumimina kunaacha mapovu. Kisha upitie wote kwa macho, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, dhidi ya mwanga. Povu moja lililojificha kwenye kunjo linaweza kukuharibia usawa wa nyumba nzima. Halafu shika ncha zote mbili pamoja, ubavu kwa ubavu. Maji ya ncha hii na ya ncha ile yasipolingana, bado kuna hewa, rudia. Yakilingana, ziba ncha zote mbili kwa vidole gumba, mmoja abaki kwenye kona ya kwanza na mwingine aende kwenye kona ya pili, wote muachie vidole. Ukiachia ncha moja tu, maji hayatacheza. Subiri yatulie. Aliye kona ya kwanza alinganishe na alama yake, aliye kona ya pili achore.

Ifanye kazi hiyo saa moja asubuhi. Mlimani kwako upande mmoja wa mpira utalala kivulini mwa jiwe na mwingine juani, na maji ya moto ni mepesi. Safu ya maji yenye kimo cha mita 1, ikiwa na joto la nyuzi 10 zaidi ya wenzake, husimama juu zaidi kwa karibu milimita 3. Kwenye mteremko wako, ambapo mpira utashuka mita tatu au nne, hiyo inakaribia sentimita. Watu wanalaumu mpira, kumbe ni jua.

Kwa wima tumia timazi, ule uzi wenye uzito mwishoni, na kwa kuwa mchana upepo wa ziwani utakuja kukupepesushia uzi, ichovye timazi ndani ya ndoo ya maji bila kugusa chini. Itatulia mara moja.

*

Fundi, mimi natengeneza mitumbwi Kirumba. Nikiweka pima maji ndani ya mtumbwi ukiwa majini, kiputo kinacheza, na injini ikiondoka kinakimbilia mbele. Ina maana mtumbwi unainama nyuma?
— Fundi wa mitumbwi

Injini ikivuta kwa nguvu tezi, yaani nyuma ya mtumbwi, huzama kidogo, hilo ni kweli, lakini kiputo hakiwezi kukuthibitishia. Chombo kinapoongeza mwendo, spiriti iliyo nzito inabaki nyuma na hewa nyepesi inasukumwa mbele, hata sakafu ikiwa sawa kabisa. Pima maji haitofautishi mvuto wa dunia na msukumo wa injini. Kwake vyote ni kimoja. Kwa hiyo isome chombo kikiwa nchi kavu juu ya magogo yasiyotikisika, unapopanga mataruma, zile mbavu za chombo, na kupigilia mbao. Kikishateremshwa, chagua asubuhi ziwa likiwa limelala, lala kifudifudi gatini na pima kwa futikamba kutoka ukingo wa mtumbwi hadi kwenye maji, kulia na kushoto, mbele na nyuma. Ziwa lenyewe ndilo leveli yako hapo.

*

Shikamoo mzee. Niko kidato cha pili, Misungwi. Mwalimu alisema maji yakitulia yanakuwa sawa. Mwalimu mwingine alisema dunia ni mviringo. Sasa Ziwa Victoria liko sawa au limepinda?
— Mwanafunzi

Marahaba, mjukuu wangu. Walimu wako wote wamesema kweli. Kwetu sisi mafundi, leveli maana yake si kunyooka kama uzi. Leveli maana yake hakuna sehemu iliyo juu ya nyingine kwa mvuto wa dunia, na mvuto unaelekea katikati ya dunia. Ziwa likitulia linafuata dunia, kwa hiyo liko leveli na limebinuka, vyote kwa pamoja.

Tuchukue mahali unapopajua. Daraja la Kigongo–Busisi lina urefu wa kilomita 3. Simama Kigongo, ukilaza pima maji juu ya maji, kisha fikiria mstari ulionyooka kabisa ukitoka kwenye ile pima maji mpaka ng'ambo. Ukifika Busisi mstari huo utakuwa juu ya maji kwa karibu sentimita 70, kimo cha meza. Maji hayajashuka, ni uso wa dunia uliojikunja chini ya mstari. Kwa kilomita 1 ingekuwa sentimita 8 tu; umbali ukizidi mara tatu, tofauti inazidi mara tisa.

Na timazi mbili, moja Kigongo na moja Busisi, hazining'inii sambamba. Kila moja inaelekea katikati ya dunia kwa njia yake. Nimepiga hesabu: kwa kilomita 3, pima maji ya Kigongo na ya Busisi, zote zikiwa sahihi, zinatofautiana kwa karibu nusu milimita kwa mita, ile ile nusu milimita inayoandikwa ubavuni mwa pima maji nzuri ya dukani.